Watakiona Huko Huko

Kwa sehemu nane mfululizo mhusika wangu mkuu alilala hospitali bila fahamu, na sababu haikuwa ya kitabibu. Nilikuwa sijui nimpeleke wapi. Wasomaji walilipa shilingi elfu moja kwa M-Pesa ili waingizwe kwenye kundi la WhatsApp, mimi natuma sehemu moja kila usiku saa tatu, na kila sehemu lazima ikatike pale ambapo mtu hawezi kulala bila kujua kinachofuata. Mlango unagongwa. Simu inaita, namba ngeni. Daktari anavua miwani, anasema, "Kuna jambo inabidi mlijue." ITAENDELEA, herufi kubwa, nukta tatu. Siku nikikosa cha kuandika, daktari anavua miwani tena.

Sijidharau kwa hilo. Simulizi ile ilifika sehemu ya 64 na ilinilipia kodi ya chumba Mji Mpya, hapa Morogoro, miezi mitano. Ilinizoesha kukaa na kuandika kila siku, umeme uwepo usiwepo. Ila nilipokuja kujaribu hadithi fupi, mazoea yale yale yakanigeuka.

Kazi yangu ya mchana ni steshenari. Natoa kopi, naprinti, nataipu barua za maombi ya kazi, sivii, kadi za michango ya harusi, mihtasari ya vikao vya ukoo. Siku moja mteja aliniletea tangazo la shindano la hadithi fupi nimprintie, nikabaki na nakala yangu. Ukomo maneno 2,500. Nikaona mteremko: si sehemu mbili tu hizo? Nikaandika usiku tatu, nikahesabu, 6,812. Walikuwamo watu tisa wenye majina, harusi mbili, ajali ya basi karibu na Msamvu, na mtoto aliyebadilishwa wodini. Nikaanza kupunguza. Nikatoa vivumishi, nikatoa harusi moja, nikaua watu wawili ambao walikuwa wanamaliza maneno bure. Ikafika 2,498, na ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana sasa ilikuwa muhtasari wa simulizi ya sehemu 60. Nikaituma hivyo hivyo. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari miwili, asante kwa kushiriki.

Zile karatasi nikazitupa kwenye boksi la za kujaribia wino. Ukibadilisha tona unahitaji karatasi ambayo huionei huruma.

Ndivyo Mama Prufu alivyozikuta. Jina hilo nilimpa mwenyewe baadaye. Alikuja kutoa kopi za karatasi zake za mafao, na wakati mashine inapasha moto akaniambia kwamba amestaafu kazi ya kusoma prufu katika kiwanda kimoja cha uchapaji Dar es Salaam, kazi aliyoianza enzi za kupanga herufi za risasi moja moja. Nilikuwa nimeinama natafuta rimu. Nilipoinuka, karatasi ya juu kwenye boksi alishaigeuza upande wa pili, ametoa penseli kwenye mkoba, na rula yangu ameiweka chini ya mstari wa kwanza.

"Umeandika wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa nimeteleza." Akaweka kialama pembeni. Akashusha rula. "Na hapa."

Ukurasa wa kwanza aliteleza mara tano. Ulianza hivi, naukumbuka kwa sababu nilikuwa nimejivunia: Ilikuwa ni alfajiri na mapema, jua likianza kuchomoza kwa madaha nyuma ya safu za milima ya Uluguru, ndege wakiimba nyimbo tamu za kumsifu Muumba, ndipo Rehema alipofumbua macho yake mazito yaliyojaa usingizi.

"Uluguru iko kusini," alisema Mama Prufu. "Hilo jua lako linatokea wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Haya, Rehema kaamka. Anaamka afanye nini?"

"Anakwenda kwa dada yake kudai hela."

"Kwa dada yake kuko wapi?"

"Ukurasa wa tatu."

"Basi mimi nakungojea huko wa tatu." Akapiga mstari wa rula kutoka juu mpaka chini, ukurasa mzima, na pembeni akaweka ile alama ya kufuta ya wasoma prufu, imejikunja kama mkia wa kinyonga. Akalipa kopi zake akaenda. Mlangoni akageuka: "Mimi hadithi sijui, usije ukaniuliza. Najua tu jicho linapoteleza."

Jua lile lilitoka shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia insha nzuri inafunguliwa kwa mandhari na inafungwa kwa methali, na pembeni mwa "jua likichomoza kwa madaha" aliniandikia "Vizuri sana" kwa wino mwekundu. Nilikuwa kidato cha pili. Tangu hapo kila mhusika wangu aliamka asubuhi, na kila mwovu alikutana na mwisho wa ubaya aibu. Hata simulizi ya WhatsApp, sehemu ya 64, ilimalizika na methali mbili, moja isingetosha.

Nikawa namwekea Mama Prufu karatasi chini ya kaunta. Alipita kila baada ya wiki mbili tatu, na malipo yake yalikuwa kopi za bure. Sikuwahi kusikia kutoka kwake neno "dhamira" wala "muundo". Aliteleza tu, au hakuteleza. Nikiuliza kwa nini, anasema, "Rudia wewe kusoma, utateleza mwenyewe." Mara nyingi ilikuwa kweli, na ilikuwa inaudhi.

Mtu aliyenifundisha zaidi lakini hajui kwamba amenifundisha. Ni mteja. Nimebadilisha wilaya yake na mambo mengine mawili hapa, kwa sababu karatasi za watu zinazopita mikononi mwangu si mali yangu.

Alikuja jioni moja nikikaribia kufunga, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi mikono tu, kifuani bado limekunjamana. Alitaka barua. Nikafungua ukurasa, nikaandika anwani yake kulia, ya mwajiri kushoto, nikateremka: YAH: OMBI LA UHAMISHO. Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Hiyo siulizi mtu, vidole vinaandika vyenyewe. Akaanza kunisomea kutoka kwenye karatasi ya daftari. Anaomba kuhamishiwa wilaya nyingine kwa sababu za kifamilia.

"Sababu nizitaje, baba?"

"Andika za kifamilia."

Kisha akanipa viambatisho nitoe kopi: barua ya ajira, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, cheti cha kifo. Cheti cha kifo nilikigeuza kwenye kioo cha mashine nikaona jina, lile lile la kwenye cheti cha ndoa. Tarehe ilikuwa ya wiki sita nyuma. Nikarudi kwenye barua. Sentensi iliyofuata aliisoma hivi: "Watoto kwa sasa wanaishi na bibi yao nyumbani kwa mke wangu." Nami kwa kutaka kumsaidia, au kwa kutaka kuonyesha kwamba nimeelewa, nikataipu "nyumbani kwa marehemu mke wangu."

Nikaprinti. Akaisoma kwa kidole. Kidole kikafika pale kikasimama.

"Hapa toa marehemu."

"Lakini cheti si kimeambatishwa, baba?"

"Kimeambatishwa, ndiyo," akasema. "Basi watakiona huko huko."

Nikatoa. Nikaprinti upya, na ile ya kwanza sikumtoza. Alipoondoka nilikaa na karatasi yenye neno "marehemu" mkononi, geti limeshashushwa nusu, wenzangu wa vibanda jirani wananiita twende daladala zitaisha.

Usiku ule nikamtoa Rehema kwenye boksi. Katika rasimu ya kwanza Rehema anakwenda kudai shilingi elfu arobaini alizomkopesha dada yake za nauli ya kwenda kumzika baba yao. Rehema mwenyewe msibani hakwenda. Kwa nini hakwenda, nilieleza kwa aya tatu: ugomvi wa shamba, maneno aliyoambiwa siku ya posa, laana. Ndani ya aya hizo kulikuwa na "moyoni alihisi uchungu usio na kifani" mara mbili. Nikajiuliza cheti changu kiko wapi. Kitu gani kimeambatishwa, ambacho msomaji akikigeuza kwenye kioo ataona jina?

Ilichukua wiki. Kilichotokea mwishoni ni kikombe. Dada anamkaribisha, anamtilia chai kwenye kikombe cha bati chenye kovu mdomoni, kikombe ambacho nyumba nzima hakuna aliyeruhusiwa kukinywea ila mtu mmoja. Rehema anakitazama. Anakizungusha ili kovu liangalie upande wake. Anakunywa mpaka chini, anauliza habari za watoto, anaaga. Elfu arobaini haikutajwa mbele ya dada hata mara moja. Ugomvi wa shamba nikautoa wote, laana nikaitoa, ajali ya Msamvu na yule mtoto wa wodini wakafutika kana kwamba hawajazaliwa. Maneno 1,870.

Mama Prufu alikaa kwenye stuli, rula chini ya mstari, akasoma mpaka mwisho bila kuinua penseli. Niliona jasho langu likitonea kwenye kibodi. Sentensi ya mwisho ndipo alipoteleza. Nilikuwa nimemalizia: Kweli, damu nzito kuliko maji. Hakusema kitu. Akachora mkia wa kinyonga.

Ningependa kusema kuanzia hapo mambo yakanyooka. Nilipata wazimu mwingine, wa kuficha. Nilidhani siri ya hadithi fupi ni kutosema, basi nikawa sisemi chochote. Na Kiswahili kinakupa nafasi ya kuficha kuliko unavyohitaji. Tazama: "Alimshika mkono akamwambia amngoje." Nani mwanamume hapo, nani mwanamke, nani mtoto, nani mzee? Lugha yetu haikulazimishi kusema. Niliandika hadithi nzima ya mtu anayemsubiri mpenzi wake stendi, kurasa tano, nikakwepa kila neno la kumtambulisha, hakuna gauni, hakuna ndevu, hakuna "kaka" wala "dada", ili mwishoni ifunuke kwamba anayesubiriwa ni mama yake mzazi aliyemtelekeza. Nilicheka peke yangu kwa werevu wangu.

Nikampa kijana anayeuza vocha jirani, msomaji mzuri, yule aliyekuwa mteja wangu wa kwanza wa WhatsApp. Akasoma, akarudisha. "Umenificha tu," alisema. "Hujanisimulia."

Iliniuma kuliko ile mistari miwili ya shindano. Nikarudi kwa yule baba na barua yake. Hakuwa ameficha kitu. Cheti kilikuwepo, kimepigwa pini pamoja na barua, yeyote anayetaka kuona ataona. Alichokataa ni kulitamka. Mimi kwenye hadithi ya stendi nililitoa neno na cheti nikakitoa pia, kisha mwishoni nikakichomoa mfukoni kama mchezo wa karata tatu. Na ukiangalia sana, lile fumbuo la mwisho lilikuwa ni yule daktari anavua miwani. ITAENDELEA ilikuwa imebadilisha nguo tu.

Kulikuwa na mambo mengine madogo ambayo sikuyapata katika kitabu chochote, yanahusu lugha yenyewe. Lile la "-ka-" kwa mfano. Tumelelewa na ngano, na ngano hutembea kwa -ka-: aliingia, akavua viatu, akaketi, akaomba maji, akanywa, akashusha pumzi. Mama Prufu alipofika katikati ya aya kama hiyo aliweka rula chini. "Ka, ka, ka, ka. Kama kuku anayetaka kutaga." Nikaanza kuzihesabu. Aya moja ilikuwa nazo kumi na saba. Si kosa la sarufi, na bibi akisimulia gizani mnafika mnakokwenda vizuri sana, kwa sababu mmeshaitikia "Hadithi njoo", mmekubali safari. Msomaji wa karatasi hajakuitikia. Yuko kwenye foleni, au kwenye daladala, anaweza kushuka wakati wowote. Nikajifunza kuukata ule mwendo: "Kaingia. Viatu hakuvua." Hapo tayari kuna jambo, maana nyumba za kwetu ni nani anaingia na viatu?

Na "hu-". Nilikuwa na hadithi ya mtoto ambaye baba yake ana nyumba mbili. Niliieleza kwa aya nzima, ndoa ya kwanza, ndoa ya pili, nani anajua na nani hajui. Siku moja nikiwa nataipu ratiba ya kikundi cha kukopeshana, mama mmoja akampigia mwenzie simu pale kaunta: "Huyo huja Ijumaa tu." Nikamwomba anisubiri dakika moja. Nikaandika kwenye kiganja. Sasa hadithi ile inaanza: Baba huja Ijumaa. Aya ya maelezo imekwisha kabla haijaanza, na mtoto anayesema hivyo haoni ajabu yoyote, na hapo ndipo ajabu ilipo.

Salamu nazo zilinitesa. Ukiandika mazungumzo kama watu wanavyozungumza kweli, nusu ya ukurasa ni shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, wazima? Nikazifuta zote, wahusika wangu wakawa wanavamiana kama watu wasio na malezi. Nikazirudisha. Nikazifuta tena. Mwisho nikaelewa kwamba salamu ibaki pale inapokwama. "Shikamoo baba." Baba aliendelea kufunga kamba za viatu. Ukiwa Mswahili huhitaji kuelezwa zaidi, tumbo limeshakuingia baridi. Sijui msomaji wa lugha nyingine angepata nini hapo, na sina haja ya kujua. Hadithi ile simwandikii yeye.

Kuhusu "kizee", "jizee" na "mzee" nitasema kwa ufupi. Nilikuwa na mwenye nyumba ambaye nilimwita "kizee kile" kuanzia mstari wa pili. Mama Prufu aliteleza hapo hapo. "Umeshamhukumu. Sasa mimi ninakuja kufanya nini?"

Kusoma nilianza nikiwa nimechelewa. Sisi tuliosoma Tanzania, vitabu teule vya kidato cha tatu na cha nne vilikuwa riwaya, tamthiliya na mashairi. Hadithi fupi tuliijua kwa fasili, tukaikariri, tukaijibu kwenye mtihani, bila kuwa na hata moja mkononi. Wenzetu wa Kenya wamekuwa na bahati; huko mkusanyiko wa hadithi fupi ni kitabu cha kutahiniwa sekondari. Nilipata nakala iliyochakaa ya Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, ule mkusanyiko wa 2007 uliohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa ametandika turubai chini, na pembeni kuna majibu ya mwanafunzi fulani kwa penseli. Nilifanya nilichozoea kufanya: nikataipu. Nilichagua hadithi moja nikaitaipu yote, neno kwa neno, kama vile mteja kaileta. Ukisoma, macho yanaruka. Ukitaipu, vidole havina njia ya kuruka. Unajikuta umefika mwisho wa aya ukiwa unasubiri sentensi moja zaidi, ya kueleza, na haipo. Mwandishi kashaondoka. Mara ya kwanza nilirudi kuangalia kama nimeruka mstari.

Hiyo ndiyo shule pekee ya uandishi niliyohudhuria na ilikuwa ya bure, ukiacha umeme. Namshauri yeyote anayeniuliza, na wengi hawafanyi, wanaona kama adhabu.

Kwa nini uhangaike na kitu kifupi ambacho hakuna anayekinunua? Swali hilo naulizwa na ndugu zangu, na nina jibu baya. Miswada ya tuzo hupita kwangu. Watu huleta kuprintiwa na kusahihishiwa makosa ya chapa, wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na wachache wa ile ya Safal Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati Cornell. Ni riwaya, kurasa mia mbili, mia tatu. Ni mashairi. Hadithi fupi sijawahi kuletewa hata mkusanyiko mmoja. Wachapishaji nao wanatazama shule inasoma nini, na shule zetu hazisomi hizi. Kwa hiyo hela haipo huko. Katika miaka mitatu nimemaliza hadithi 19, zimechapishwa tatu, moja imelipwa, na malipo yake nilinunua tona. Ile simulizi ya WhatsApp bado watu wananiuliza lini naanza nyingine, na mwaka jana, kodi ilipobana, niliandika, sehemu 30, kwa jina jingine. Sikuona aibu. Nilichogundua ni kwamba mkono umebadilika: ilipofika sehemu ya sita, daktari aliingia wodini, akakaa kitandani pembeni ya mgonjwa, akala ndizi ya mgonjwa. Wasomaji wawili waliniandikia kuuliza ile ndizi ina maana gani.

Ya kikombe ndiyo ilikuwa ya kwanza kuchapishwa. Siku ilipotoka niliprinti nakala moja kwa karatasi nzito, nikaiweka chini ya kaunta kwa ajili ya Mama Prufu. Alikuja, akavaa miwani, akaweka rula. Ukurasa wa pili akateleza. Mhariri, au mashine yao, alikuwa amegeuza "bati" kuwa "bata", Rehema anapewa chai kwenye kikombe cha bata. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri sivii yake akaomba aelezwe. Kisha Mama Prufu akaisahihisha kwa penseli, ingawa haina faida tena, imeshachapwa, akanirudishia.

Yule baba wa uhamisho alirudi. Miezi kama minane ilikuwa imepita. Nilimjua kwa namna anavyosoma kwa kidole, kwa sababu alisimama kwanza kwenye ubao wa bei akaufuata mstari kwa mstari. Hakunikumbuka, au hakuonyesha. Alisema anataka barua ya kukumbushia.

Kompyuta yangu haifuti kitu. Nikatafuta jina, barua ikatokea. Nikabadilisha tarehe, nikabadilisha kichwa kikawa YAH: KUKUMBUSHIA OMBI LA UHAMISHO, nikaongeza mstari wa kutaja barua ya awali. Chini ya kaunta, karibu na goti langu, kulikuwa na ile nakala ya karatasi nzito. Ingenichukua sekunde moja kuitoa. Ningemwambia nini? Kwamba kuna kikombe humu ni chako?

Nikageuza kioo cha kompyuta kimwelekee.

"Soma, baba, kama iko sawa."

Kidole kikapita kwenye kioo, taratibu, kikaacha alama ya jasho. Husika na kichwa cha habari. Sababu za kifamilia. Kikafika kwenye watoto.

"Hapa," akasema, "walipoandika nyumbani kwa mke wangu."

"Ndiyo, baba."

"Weka nyumbani kwa bibi yao."

Nikafuta, nikaweka. Lakini "bibi yao" tayari lilikuwepo mwanzoni mwa sentensi, likawa linajirudia: wanaishi na bibi yao nyumbani kwa bibi yao. Mama Prufu angeteleza. Nilishika kipanya nikataka kusahihisha, nikamtazama, naye alikuwa anatazama pale pale, anasoma tena bila sauti, midomo inatembea.

Nikauacha mkono.

"Viambatisho ni vile vile?"

"Vile vile. Ila cha ndoa usiweke."

"Nakala ngapi?"

"Tatu."

Barua elfu moja, kopi mia tatu. Akatoa noti ya elfu mbili, nikaanza kutafuta chenji.